Bado Saa Nne

Hii isomeni kwanza ndipo muitume. Najua mlivyo. Mtu anaona maandishi marefu, anabonyeza mshale, anajipatia sifa ya kusambaza busara ambayo hata hajaionja. Safari hii someni. Mkimaliza, mpelekeeni yule ndugu yenu anayesahihisha sarufi za watu kwenye kundi la familia hata pale wanapotangaza msiba.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu huko milimani Upareni, Mwalimu Mchome. Alifundisha Kiswahili mpaka akawafundisha watoto wa wanafunzi wake. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, mpenda wageni. Ila alikuwa na magonjwa mawili.

La kwanza, hakuweza kusikia neno lililopinda bila kulinyoosha. Ukimwambia, "Mwalimu, nimekaa hospitali masaa matatu," hakuuliza unaumwa nini. Alisema, "Saa tatu. Katika Kiswahili sanifu hakuna neno masaa."

La pili, hakuweza kusema "sijui." Mahali pa neno hilo alikuwa na jingine: "Naelewa." Fundi akimweleza habari za bomba, anaelewa. Daktari akimweleza habari za figo, anaelewa. Halafu anarudi nyumbani na kukaa kimya, kwa sababu hajaelewa kitu.

Mkewe, Mama Naelijwa, aliishi na magonjwa hayo yote mawili kwa kucheka. Alipokuja kuugua yeye, ugonjwa wake haukuwa wa kucheka. Aliondoka wakati Naelijwa, binti yao wa pekee, bado yuko chuoni.

Lakini kabla hajaondoka alimwita Elinihaki, mtoto wa kaka yake Mwalimu. Elinihaki anapiga video za harusi. Wakajifungia sebuleni, yule mama akakaa mbele ya kamera, akamwambia binti yake yale aliyotaka kumwambia siku ya kuagwa kwenda kwa mume. Kisha akatoa masharti mawili.

"Asiione mtu mpaka siku ya sendofu. Na usikate hata neno. Nikikohoa, acha nikohoe."

Elinihaki akaahidi. Video ikabaki kwenye kompyuta yake ya kubeba, faili moja zima, halijakatwa, kubwa kupita kiasi. Alijaribu kulituma kwa mtandao, likakwama njiani kila alipojaribu. Akasema basi, siku ikifika nitalileta mwenyewe.

Siku ikafika.

Ilikuwa Jumamosi. Turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, sufuria za pilau ziko mekoni. Naelijwa amepelekwa saluni tangu asubuhi. Sherehe ni alasiri, na kitu kimoja tu alichokuwa amemwomba baba yake ni hiki: "Baba, mimi nataka mama aongee. Mengine yote pangeni mnavyotaka."

Elinihaki aliingia mapema akitokea Korogwe, kompyuta mgongoni. Bahati mbaya jioni hiyohiyo alikuwa na harusi ya watu Moshi, na gari la wenzake lingempitia saa sita na nusu mchana. Angeondoka na kompyuta yake. Kwa hiyo video ilitakiwa ibaki pale nyumbani kabla ya gari kufika.

"Tuiweke kwenye flashi," akasema Shangazi Namsifu. Huyu ni dada yake Mwalimu, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, na mwenyekiti wa kila kitu kingine ukoo mzima. Akatoa flashi yake kwenye mkoba. Ilijaa mahubiri. Wakaleta nyingine, tupu kabisa. Kompyuta ikaikataa: faili ni kubwa mno.

"Kubwa mno vipi na flashi ni tupu?" akauliza Shangazi.

"Flashi za namna hii hazipokei faili moja likishazidi kiasi fulani, shangazi. Hata kama nafasi ipo."

"Kumbe hata flashi zina nyodo."

Mwalimu akakohoa kidogo. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kabati la runinga. "Wanangu, mnahangaika bure. Tunalo ghala."

Ghala ni kile kiboksi cheusi kilichokaa kando ya ruta. Naelijwa alikinunua ili picha za familia zikae mahali pamoja, na mtu yeyote aliyemo ndani ya nyumba azifungue kwa simu yake au kwenye runinga. Wengine walikiita diski. Mwalimu akakipa jina la ghala, na kusema kweli jina zuri. Tatizo halikuwa jina.

"Nililifunga mwenyewe," akasema Mwalimu. "Nimefuata maelekezo yote."

Elinihaki akafurahi. Akaunganisha kompyuta kwa waifai, akaliona ghala, akalivuta faili akalidondosha humo. Mstari wa kijani ukatokea, mwembamba kama uzi. Chini yake kompyuta ikaandika muda uliobaki.

Kwanza ikasema dakika nane. Watu wakapiga makofi.

Halafu ikasema saa kumi na tisa. Watu wakashika vichwa.

Halafu ikasema dakika arobaini, halafu siku moja, halafu ikafikiri kidogo, ikatulia kwenye saa nne.

"Hiyo mashine inaweweseka kama mgonjwa wa malaria," akasema Shangazi.

Elinihaki akaangalia saa ya ukutani. Saa mbili asubuhi. Akapiga hesabu kichwani: itamaliza saa sita, gari linakuja saa sita na nusu. Inatosha! Akaenda kunywa chai kwa furaha.

Mwalimu akasimama katikati ya sebule, akatoa amri kama enzi zile za paredi ya shule.

"Sikilizeni. Plagi ile pale ndiyo inayolisha ruta na ghala. Asiiguse mtu mpaka faili liishe."

"Mpaka lini?" akauliza Shangazi. "Mimi nina blenda. Tangawizi na vitunguu saumu havijisagi, na soketi ya jikoni imeungua."

"Bado saa nne."

"Saa nne?"

"Saa nne."

"Haya. Saa nne."

Mnaona walivyoelewana. Kila mmoja akaenda zake ameridhika.

Shangazi Namsifu ana mdomo, lakini akipewa utaratibu anaufuata. Alikaa na vitunguu vyake saumu. Aliwafukuza watoto sebuleni. Kuna mjomba alitaka kuchaji simu, akamwambia, "Subiri saa nne, Mwalimu ametoa amri." Alilinda ile plagi kama askari wa benki.

Saa ya ukutani ilipogonga saa nne asubuhi, aliongeza dakika chache za heshima. Kisha akaenda, akachomoa plagi, akachomeka blenda.

Ikanguruma.

Elinihaki alitoka mbio uani, kikombe mkononi. Mwalimu akatoka chumbani, shati amelivaa nusu. Wakakuta taa za ruta zimezimika, kiboksi cheusi kimekaa kama jiwe, na kwenye kompyuta ule mstari wa kijani umekuwa mwekundu. Kompyuta imeandika kwamba haioni tena mahali ilipokuwa inapeleka.

"Nani amechomoa?"

"Mimi," akasema Shangazi, bado anasaga. "Na nimekungoja hata zaidi ya ulivyosema."

"Namsifu! Nilisema saa nne!"

"Na sasa ni saa ngapi?"

Mwalimu akainua macho ukutani.

"Soma, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye miwani."

"Saa nne," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi tunagombania nini?"

"Nilimaanisha saa nne za kusubiri! Sikumaanisha saa nne ya asubuhi!"

Shangazi akazima blenda.

"Kaka. Hayo ya kusubiri, si ndiyo sisi wote tunayaita masaa manne?"

Na hapo, wapendwa, pamoja na yote yaliyotokea, ule ugonjwa wa kwanza ukampanda.

"Katika Kiswahili sanifu hakuna neno masaa."

"Sawa," akasema Shangazi. "Basi katika Kiswahili sanifu, video imekufa."

Elinihaki akachomeka upya. Lile faili lililofika nusu lilikuwa limeharibika. Kwa kuwa lilikuwa moja, hakukuwa na cha kuokoa: ilibidi kuanza mwanzo. Akaanza mwanzo. Kompyuta ikakisia, ikakisia, ikatulia.

Saa tano zimebaki. Au niseme masaa matano, kabla nami sijawachomolea watu plagi.

Gari linakuja saa sita na nusu.

Wakajaribu kila kitu. Wakasogeza kompyuta karibu na ruta mpaka zikagusana. Wakamfokea kila mwenye simu atoke kwenye waifai, na kila mmoja akaapa hayumo huku video za vichekesho zikisikika mfukoni mwake. Elinihaki akawapigia wenzake awaombe wachelewe, wakamwambia bibi harusi wa Moshi hachelewi. Mmoja akapendekeza waiombee, na kwa kweli wakaiombea, maana dua haichukui nafasi kwenye diski. Mstari wa kijani ukajikokota vilevile.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi. Shati bado nusu. Hakumsahihisha mtu tena, hata pale mtoto aliposema "mikompyuta."

Elinihaki akampigia Naelijwa saluni. Alikuwa chini ya lile dude la kukausha nywele, hasikii vizuri.

"Dada, ghala linakwenda polepole mno!"

"Nani anakwenda polepole?"

"Ghala! Faili la mama halitawahi!"

Hilo alilisikia. Dude likazimwa.

"Unatumia nini? Waifai au waya?"

"Waya gani?"

"Waya wa bluu! Nilinunua pamoja na kiboksi! Muulize baba!"

Elinihaki akageuka. "Baba mdogo, Naelijwa anauliza waya wa bluu."

Mwalimu akasema, "Naelewa."

"Naam, lakini uko wapi?"

Mwalimu akatazama dirishani.

Naelijwa hakungoja jibu. Saluni iko chini tu ya barabara. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi hapo njiani amesema hajawahi kuona bibi harusi mtarajiwa anapanda mlima vile, rola kichwani, taulo shingoni, ndala mkononi. Aliingia sebuleni anahema.

"Baba. Ule waya mrefu wa bluu. Nilikwambia kwenye simu, ukihamisha kitu kikubwa, chomeka waya kwenye kompyuta na kwenye ruta. Ukaniambia unaelewa. Uko wapi?"

Mnajua hadithi za namna hii. Mahali pengine mfalme anaulizwa na joka, au mkulima anaambiwa achague kati ya milango. Mtihani wa Mwalimu Mchome ulikuwa mdogo kuliko hiyo yote, na kwake ulikuwa mzito kuliko hiyo yote. Mbele yake amesimama binti mwenye rola. Nyuma ya binti wamejaa dada zake Mwalimu, shemeji zake, wajukuu wa ukoo na mpishi wa pilau na mwiko wake. Wote wanamtazama mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na jibu.

Angeweza kusema waya uliibwa. Angeweza kusema waya wa namna ile haufai kwa hali ya hewa ya milimani, na wangemwamini, amewahi kuwaambia makubwa kuliko hayo.

Akasema, "Umeanikiwa kanga."

"Umefanyaje?"

"Sikujua ni wa nini, mwanangu. Uliponieleza sikuelewa, na nikaona aibu kuuliza mara ya pili. Ulikuwa mzuri, mrefu, imara. Nikaufunga kutoka kwenye mpera mpaka kwenye nguzo ya tangi. Shangazi yako anaanika kanga zake pale."

Shangazi Namsifu akapiga kigelegele.

"Amesema hakujua! Jamani, mashahidi mpo? Mwalimu amesema hakujua!"

"Shangazi, kanga!" akapiga kelele Naelijwa.

Wakatoka wote kwa mkupuo mmoja. Kanga zikarushwa kwenye michongoma, mashuka yakaangukia viti vya wageni, kuna mtu alibeba soksi mpaka sebuleni bila sababu. Elinihaki akapanda tangi upande huu, Mwalimu mwenyewe, na suruali yake ya sherehe, akapanda mpera upande ule. Alikuwa amepiga fundo la skauti. Lilikataa kufunguka.

"Kata!" akasema mpishi, anampa kisu.

"Usikate!" wakapiga kelele watu wote kwa pamoja.

Akafungua kwa meno. Mstaafu, juu ya mpera, kwa meno.

Bahati njema vichwa vya waya vilikuwa bado na vifuniko vyake vya plastiki, havikulowana. Wakaufuta kwa taulo ya Naelijwa. Upande mmoja kwenye ruta: tik. Upande wa pili kwenye kompyuta: tik. Elinihaki akazima waifai, akaanza upya kwa mara ya tatu.

Kompyuta ikakisia siku mbili. Hakuna aliyepumua.

Ikakisia saa moja.

Ikakisia dakika ishirini na tano. Ikatulia hapo.

Na mstari wa kijani ukaanza kutembea! Unauona kwa macho unakwenda, unakwenda, kama maji yanayoingia kwenye mfereji mkavu. Wanawake wakaanza kuuimbia. Walichukua wimbo waliokuwa wameuandaa kwa ajili ya kumwingiza bibi harusi, wakamwimbia mstari. Ulipofika nusu wakaruka. Ulipopita robo tatu, mpishi akakumbuka pilau, akakimbia, akarudi na mwiko uleule kuja kuona mwisho.

Honi ikalia barabarani. Gari la Moshi limewahi.

"Sekunde tano zimebaki," akasema Elinihaki.

Wakangoja. Honi ikalia tena. Bado sekunde tano. Mtu akahesabu kwa vidole vya mikono yote, akaingia kwenye vya miguu. Sekunde tano.

"Sekunde gani hizi?" akauliza Naelijwa, karibu alie.

"Sekunde sanifu," akasema Shangazi.

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Hata Mwalimu alicheka, na akiwa anacheka, dirisha la kompyuta likajifunga lenyewe. Limeisha. Elinihaki akalinganisha uzito wa faili la huku na wa faili la kule: sawasawa. Hakulifungua, maana aliahidi. Akafunga kompyuta, akamkumbatia baba yake mdogo, akakimbilia gari lake na soksi ya mtu begani.

Alasiri, wageni wameketi, upande wa bwana harusi mmoja, upande wa bibi harusi mmoja. Runinga imetolewa nje na kuwekwa chini ya turubai, juu ya meza yenye kitambaa. Naelijwa, nywele zimekaa vizuri kushinda ilivyotegemewa, akabonyeza mwenyewe.

Kikatokea kiti kitupu. Halafu sauti.

"Inarekodi hiyo? Sogeza taa, Elinihaki, unanifanya nionekane kama nimeshakwenda."

Kisha akaingia, akakaa, akatengeneza kitenge chake. Naelijwa akashika mdomo.

"Mwanangu. Najua umependeza. Najua shangazi yako amekaa mbele na anawaonyesha watu pa kukaa." Watu wakageuka. Shangazi alikuwa amekaa mbele, kidole bado hewani. "Nataka nikwambie siku uliyozaliwa, maana hakuna atakayekuelezea kama mimi. Nilishikwa na uchungu masaa kumi na mawili."

Akasimama hapo. Akageuza uso kidogo, kama anayemtazama mtu aliyekaa pembeni.

"Mwalimu, nimekusikia. Tulia. Ni masaa. Nikisema nilikuwa na uchungu saa kumi na mbili, watu watadhani ninawaambia habari za jua kuzama. Mimi sisemi jua, nasema uchungu. Saa inasomwa ukutani. Masaa yanahesabiwa mwilini."

Jamani! Turubai lilitaka kung'oka. Wale waliokuwepo asubuhi walianguka kwenye viti. Upande wa bwana harusi hawakujua wanacheka nini lakini wakacheka. Shangazi Namsifu alisimama, akakaa, akasimama tena, machozi yanamtoka, anaelekeza kidole kwenye runinga: "Wifi yangu! Wifi yangu huyo!"

Yule mama akangoja kidogo, kana kwamba alijua watachelewa kunyamaza. Halafu akaendelea kwa sauti ya chini.

"La mwisho. Ukienda huko kwa mumeo, usipojua kitu, uliza. Na akikuuliza, mjibu kweli. Baba yako ni mtu mzuri, sijutii. Lakini juma la kwanza la ndoa alinitengenezea chai ya tangawizi, nikamwambia tamu. Akasema anaelewa kwamba naipenda. Nimeinywa maisha yangu yote. Siipendi, mwanangu. Sijawahi kuipenda. Yeye hakuuliza, mimi sikusema, tangawizi ikatutawala. Nyinyi msifanye hivyo."

Akatabasamu. Akakohoa, na kikohozi kimo, hakijakatwa.

"Haya. Nenda kwa amani. Elinihaki, zima."

Sasa ilikuwa zamu ya baba kuzungumza. Mshereheshaji akampa Mwalimu kipaza sauti. Watu wa ukoo wakajiweka sawa, maana hotuba za Mwalimu huwa zina utangulizi, kiini na hitimisho.

Alisimama. Miwani ilikuwa imelowa.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi na mama yake tulipewa masaa machache."

Kila mtu alingoja ajisahihishe.

"Masaa," akarudia.

Vigelegele vilivyopigwa pale, nasikia, vilisikika mpaka sokoni. Aliinua mkono vipungue. Akamgeukia binti yake, akainyooshea kidole runinga iliyokwishazimika, na mbele ya wakwe, mbele ya wanafunzi wake wa zamani, mbele ya mpishi na mwiko wake, akasema kwa sauti iliyofika kiti cha nyuma kabisa:

"Naelijwa, mwanangu, ninataka kumsikia tena. Sijui namna ya kuirudisha mwanzo. Nionyeshe."

Funzo: Neno sahihi ni lile linalomfikia unayemwambia, na anayesema "sijui" mapema huwaokolea wenzake masaa mengi.